Klipu Imesambaa: Ni ya Nani, na Hela Inaenda Wapi?

Chukua kijana wa Tandika, Dar es Salaam, aliyejifunga kanga ya mama yake, akaigiza mama anayerudi kazini na kukuta nyama haijatolewa kwenye friji. Sekunde arobaini tu. Jioni klipu iko kwenye kundi la ukoo, la kikoba na la wapangaji. Kesho yake asubuhi peji tatu kubwa za Instagram zimeiposti, na jina lake lililokuwa pembeni limekatwa. Wiki haijaisha, jirani anamsimamisha njiani: "Wewe sasa hivi umeula, tukumbuke na sisi." Kijana mwenyewe hajaona hata mia.

Vijana wa aina hii wamejaa, Tandika hadi Kayole ya Nairobi, na chini ya klipu zao ugomvi haukosekani. Wapo wanaosema ameibiwa. Wapo wanaojibu kwamba aliiweka mtandaoni kwa hiari yake, kwa hiyo imekuwa ya wote. Wengine wanashangaa analalamika nini wakati ameshakuwa tajiri. Wote hao wanafunga kwenye furushi moja mambo matatu: klipu kusambaa, klipu kuwa na mwenyewe, na klipu kuingiza pesa. Kila moja lina kanuni zake, na linaweza kutokea bila mengine mawili kutokea kabisa.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Klipu hapa ni video fupi ya kuchekesha inayopigwa kwa simu na kutazamwa kwa simu. Ufupi wenyewe umekuwa ukibadilika: Vine, iliyoanza 2013, iliruhusu sekunde sita tu, na ikafa mwanzoni mwa 2017 huku wachekeshaji wake wakihamia kwingine. YouTube Shorts ilikuwa na kikomo cha dakika moja mpaka Oktoba 2024, ilipoongezwa kuwa dakika tatu. Jukwaa ni programu inayobeba klipu hizo, kama TikTok, Instagram, Facebook na YouTube. Peji ni akaunti yenye wafuasi wengi ambayo mara nyingi haitengenezi kitu, inakusanya vya wenzake. Kutrendi ni kutazamwa na kusemwa na watu wengi kwa muda mfupi, na neno hilo halisemi lolote kuhusu pesa.

Inasambaaje?

Kuna njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Njia ya kwanza ni ndani ya jukwaa lenyewe, kupitia mfumo wa kuchagua nani aonyeshwe nini, ule ambao watu huuita algorithimu. Wengi wanadhani huo ni mlango wenye bawabu anayependelea watu fulani. Ukitaka kuuelewa, mtazame muuza machungwa wa stendi. Anamenya moja, anawapa vipande abiria wachache waliokaa dirishani. Wakikunja sura, anahamia basi jingine. Wakinyoosha mkono kuomba tena, anabeba beseni zima na kuzunguka nalo basi lote. Jukwaa nalo huionyesha klipu kwa kundi dogo, linapima: wangapi wameitazama hadi mwisho, wangapi wameirudia, wangapi wamemtumia rafiki, wangapi wameipita kabla hata mchekeshaji hajafungua mdomo. Ikifaulu, inapelekwa kwa kundi kubwa zaidi. Ndiyo maana mtu mwenye wafuasi mia mbili anaweza kutazamwa mara laki tatu, na staa mwenye wafuasi milioni akaposti kitu kikadoda. Hayo mambo ya kupanga hashitegi thelathini, au kuposti saa moja na dakika saba jioni, hayana uzito ambao walimu wa "siri za kutrendi" huwauzia watu.

Njia ya pili ni mkono wa mtu, na huku kwetu mkono huo unaitwa WhatsApp. Mtu anapakua klipu, anaitupa kwenye kundi, wenzake wanaiweka status. Hapo klipu imeshatoka kwenye jukwaa. Imekuwa faili linalotembea, halihesabiwi na yeyote, halionyeshi tangazo la yeyote. Klipu inaweza kuchekwa na nusu ya Dar es Salaam, ikafika Muscat kwa mashangazi na Minnesota kwa mabinamu, na kaunta ya akaunti ya mwenyewe ikabaki pale pale kwenye elfu nne. Kwa hiyo mtu anaposema "hii imeenda mjini," aulizwe imeenda kwa njia ipi.

Kuhusu ile alama ya mishale miwili inayotokea juu ya ujumbe kwenye WhatsApp, haimaanishi klipu imeripotiwa au ina virusi. Inamaanisha imeshapita mikono mingi, hatua tano au zaidi kutoka kwa aliyeituma kwanza. Tangu Aprili 2020, ujumbe wa namna hiyo hutumwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa mara. Lengo lilikuwa kupunguza kasi ya uzushi, hasa wakati wa korona, lakini mfumo hautofautishi uzushi na kichekesho, basi vichekesho navyo vikapunguzwa mwendo.

Ni ya nani?

Ni ya aliyeitengeneza. Jibu fupi hivyo huwaudhi watu, kwa sababu wamezoea kuamini kwamba kitu kisichosajiliwa hakina mwenyewe. Hakimiliki haifanyi kazi kama hati ya kiwanja. Tanzania na Kenya zote ziko ndani ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, Kenya tangu 1993 na Tanzania tangu 1994, na msingi wa mkataba huo ni kwamba kazi inalindwa tangu ilipotengenezwa, bila mhuri wala fomu. Kusajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kunasaidia kuwa na ushahidi siku ya ugomvi, lakini hakimiliki haianzii hapo. Kijana wa kanga alikuwa na haki yake tangu alipobonyeza kitufe cha kusimamisha kurekodi.

Je, alipoipakia hakuigawa? Hapa ndipo penye fundo. Ukifungua akaunti, unakubali masharti marefu ambayo hakuna anayeyasoma, na ndani yake unalipatia jukwaa leseni. Leseni ni ruhusa: jukwaa linaruhusiwa kuhifadhi klipu yako, kuionyesha kwa watu, na kuwawezesha watumiaji wengine kuitumia kwa vitufe ambavyo jukwaa limeweka. Umiliki unabaki kwako. Ruhusa hiyo ni ya jukwaa, na haimfikii mwenye peji aliyerekodi skrini yake, akakata jina lako kisha akapakia upya kama mali yake.

Mfano mzuri wa vitufe hivyo ni Khaby Lame. Ni mzaliwa wa Senegal aliyekulia Italia, akapoteza kazi ya kiwandani mwaka 2020 korona ilipoanza, akaanza kujibu video za watu wanaofanya jambo jepesi kwa njia ngumu. Anaonyesha klipu ya mwenzake, kisha anafanya jambo lile lile kwa urahisi, anakunja uso na kutandaza mikono. Hasemi neno. Juni 2022 akawa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote TikTok. Alitumia klipu za wengine, ni kweli, ila TikTok ina kitufe cha kuunganisha sehemu ya klipu ya mtu na yako, jina la mwenyewe linabaki na kiungo kinakurudisha kwake, na asiyetaka anaweza kuzima kitufe hicho kwenye mipangilio. Tena yeye aliongeza kitu: jibu lake ndilo kichekesho. Peji inayobandika klipu nzima na emoji tatu za kucheka haijaongeza kitu.

Tuziguse imani chache ambazo hazitaki kufa.

Kwamba ukiandika "credit kwa mwenyewe" umeshajisalimisha. Hapana. Kwanza mwenyewe huyo mara nyingi hatajwi kwa jina, ni kama kumshukuru jirani bila kusema ni nani. Pili, hata angetajwa kwa herufi kubwa, kutaja jina ni adabu, na ruhusa ni jambo jingine. Ile sentensi ya kwamba "hatukusudii kuvunja hakimiliki" nayo haina nguvu yoyote. Kusudio lako silo linalopimwa.

Kwamba sekunde chache za wimbo hazina kesi. Kila mtu ana idadi yake, huyu tano, yule kumi na tano, wa tatu thelathini, na hakuna sheria inayosema hivyo. Klipu yako inatumia wimbo ndani ya TikTok au Instagram kwa amani kwa sababu jukwaa limeingia mkataba na kampuni za muziki. Mkataba ukivunjika, sauti inaondoka. Februari 2024 Universal Music Group ilitofautiana na TikTok, na klipu nyingi duniani zikabaki bubu mpaka walipopatana mwezi Mei. Na mkataba huo unahusu burudani. Ukitengeneza klipu ya kutangaza duka la mtu, au ukaipeleka televisheni, uko nje ya mwavuli. Kili Paul wa hapa Tanzania, aliyefahamika 2021 kwa kufuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo akiwa na dada yake Neema katika mavazi ya Kimaasai, mpaka waziri mkuu wa India akawataja redioni Februari 2022, alisimama juu ya mikataba hiyo hiyo. Watu walimpenda yeye, lakini nyimbo zina wenyewe.

Kwamba "amenikopi wazo." Hii inauma, ila wazo halina hakimiliki. Mama mwenye ndala mkononi ni wetu sote. Mwalimu wa hesabu mkali, konda asiye na chenji, shemeji anayekuja kula na kusinzia kwenye kochi, hao ni wahusika wa jamii nzima. Kinacholindwa ni namna ulivyolitoa: maneno yako, mpangilio wako, picha yenyewe. Mwenzako akichukua wazo na kulifanya upya kwa njia yake, huna kesi, hata kama mtaani kote wanajua aliyeanza. Akichukua mazungumzo yako neno kwa neno na mikato ile ile, hapo kuna la kuzungumza.

Na kwamba "nimeitazama kwa bando langu, kwa hiyo naweza kuifanyia chochote." Bando umenunua kwa kampuni ya simu.

Kwa anayekuta klipu yake kwenye peji ya mtu, kila jukwaa lina fomu ya malalamiko ya hakimiliki, ni ya bure na haihitaji wakili. Utaombwa kiungo cha klipu yako ya awali na cha ile iliyonakiliwa, kwa hiyo usifute posti ya kwanza, na faili la asili libaki kwenye simu au kwenye barua pepe, lile lisilo na maandishi wala muziki. Jaza ukweli mtupu, kwa sababu jina lako linaweza kufikishwa kwa unayemlalamikia, na madai ya uongo yanaweza kukurudia. YouTube hufunga chaneli iliyopata maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90, na wenye peji wanalijua hilo vizuri sana. Ujumbe wa upole inboksi kabla ya fomu mara nyingi hutosha kabisa. Majukwaa yenyewe yameanza kuchoka na biashara ya kunakili. Aprili 2024 Instagram ilitangaza kuwa akaunti zinazorudia kuposti vya wengine hazitapendekezwa kwa watu, na Julai 2025 Facebook ikasema itazipunguzia watazamaji na kuzinyima malipo. Utekelezaji ni suala jingine, ila angalau kile kisingizio cha "tunakupa promo" kimebaki bila mtetezi. Promo gani yenye jina lililokatwa?

Hela je?

Kutazamwa kwenyewe hakulipi. Anayelipa ni mtangazaji, na pesa yake hupita sehemu maalumu.

YouTube ndiyo iliyo wazi zaidi, basi tuitumie. Ili upate mgawo wa matangazo unahitaji kwanza waliojisajili 1,000, pamoja na ama saa 4,000 za kutazamwa video ndefu ndani ya miezi 12, ama Shorts zako kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Isomwe tena hiyo namba: milioni kumi, miezi mitatu. Ukishaingia, malipo ya klipu fupi tangu Februari 2023 yanakwenda hivi. Matangazo hutokea katikati ya klipu moja na nyingine, kwa hiyo huwezi kusema tangazo hili ni la klipu yangu. Pesa zote hukusanywa pamoja kila mwezi, fungu la muziki linatengwa, kinachobaki kinagawanywa kulingana na kila mmoja ametazamwa kiasi gani katika kila nchi, kisha wewe unachukua asilimia 45 ya ulichogawiwa. Kwa video ndefu unachukua asilimia 55, na tangazo linakaa ndani ya video yako mwenyewe.

Maneno "katika kila nchi" ndiyo yanayowaumiza wengi. Watangazaji hulipa zaidi kumfikia mtazamaji wa Norway au Marekani kuliko wa Morogoro. Wachekeshaji wawili wanaweza kutazamwa sawasawa, mmoja akalipa kodi ya nyumba na mwingine akanunua vocha. Kichekesho kinachotegemea lugha na mambo yetu kina watazamaji wetu, na matangazo ya kwetu bado ni ya bei ya chini. Hilo halimaanishi uache Kiswahili uanze kutandaza mikono kama Khaby. Linamaanisha usipige hesabu zako kwa kuangalia video ya Mmarekani anayeonyesha mshahara wake. Na YouTube haitoi malipo mpaka salio lifike dola 100, kwa hiyo wengine wana pesa wanazoziona kwenye skrini mwaka mzima bila kuzigusa.

TikTok ilipoanzisha mfuko wa kuwalipa watengeneza klipu mwaka 2020 ilianza na Marekani na nchi chache za Ulaya, sisi hatukuwamo. Ndiyo maana huku unaona watu wanakesha kwenye laivu wakiomba zawadi, ambazo jukwaa hukata sehemu kubwa kabla hazijamfikia mhusika. Kwa upande wa Facebook, Machi 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba Meta, kampuni yenye Facebook, imekubali kuwafungulia Wakenya waliotimiza vigezo njia ya kulipwa, na habari ile ilisomwa vibaya na wengi: walioelewa "Facebook inalipa" hawakuona maneno "waliotimiza vigezo."

Kwa wachekeshaji wengi wa Afrika Mashariki pesa ya kweli inatoka nje ya jukwaa kabisa. Ni tangazo la sabuni lililofichwa ndani ya kichekesho, ni kualikwa kuwa MC wa harusi, ni ubalozi wa mtandao wa simu. Klipu inakuwa tangazo la mchekeshaji mwenyewe. Ndiyo maana jina likikatwa hasara ni kubwa kuliko zile senti za matangazo: mwenye harusi anacheka, anauliza "huyu ni nani?", na hakuna wa kumjibu.

Serikali nazo zimeshafika mezani. Kenya, kupitia Sheria ya Fedha ya 2023, hukata asilimia 5 ya malipo ya maudhui ya mtandaoni kwa mkazi, baada ya pendekezo la kwanza la asilimia 15 kupigiwa kelele. Tanzania iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 mwaka 2024. Kodi hiyo hukatwa kwenye malipo. Kutrendi bado hakujatozwa.

Na yule aliyechekwa?

Klipu nyingi za "prank" zina mtu ambaye hakujua anarekodiwa: mama muuza mchicha, dereva wa bodaboda, mtoto. Imani iliyopo ni kwamba aliyeko barabarani ameshajitoa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wake ilitoza faini kiwanja kimoja cha starehe Nairobi KSh 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja KSh 4,550,000 kwa kuposti wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Zile hata hazikuwa klipu za kumdhihaki mtu. Tanzania ina sheria yake ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Anayepiga klipu za mtaani kwa ajili ya kutengeneza jina na pesa anapaswa kuomba ridhaa baada ya mzaha, na akikataliwa aifute. Wengi wa wanaorekodiwa hukubali wakishacheka, na ukiwarekodi wakikubali, rekodi hiyo ndiyo ushahidi wenyewe. Kwa mtoto, anayekubali ni mzazi.

Limebaki la makundi, ambalo ndilo linaloleta vilio vingi na kuzungumzwa kidogo. Vichekesho vingi hufanywa na vijana watatu wanne: mmoja ana maneno, mmoja ana sura, mmoja ana simu yenye kamera nzuri, na akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya yeyote aliyekuwa na bando siku hiyo. Wakiwa hawana kitu, hakuna anayeuliza. Siku kampuni inaleta tangazo la milioni mbili, kila mmoja anakumbuka kwamba yeye ndiye roho ya kundi. Jukwaa halijui nani ana kipaji, linamjua mwenye nywila. Aliyeshika barua pepe ile anaweza kubadilisha kila kitu usiku mmoja, na wenzake watahangaika na fomu za malalamiko wakidai akaunti ambayo majina yao hayamo. Hakimiliki ya kazi waliyoifanya pamoja inaweza kuwa yao wote, lakini kuithibitisha bila karatasi ni kazi ya miaka. Karatasi yenyewe haihitaji Kiingereza wala muhuri wa kampuni: nani anaandika, nani anaigiza, pesa inagawanywaje, barua pepe ni ya nani, na anayeondoka anaondoka na nini. Isainiwe wakati bado wanakula chipsi sahani moja.